Herufi ya Tano

Layibi, Gulu
19 Februari 2024

Kwa Jamilah wa duka la kuchapisha, Wandegeya,

Assalaam aleikum, binti yangu. Ukiiona barua usishtuke, hakuna aliyekufa. Simu yangu ni ya vitufe na masikio yangu hayapatani nayo. Mtu akinipigia nasikia upepo tu. Karatasi haina upepo. Nimemkabidhi mtu wa mizigo kwenye basi na nikamwelekeza kwamba wewe ni yule wa meza ya dirishani.

Huenda umenisahau, ingawa sidhani mtu aliyekula bamia na kisra zangu, ile mikate myembamba ya mtama, muda wote ule anaweza kunisahau. Mimi ni Rukiah, Mama Mahari kama mlivyoniita, wa hoteli ile ya nyuma ya soko. Mume wangu ni Tarcisio Ocira, Afande, polisi mstaafu aliyekuwa akikaa kwenye benchi la mlangoni na kuwazuia wanafunzi kwa fimbo mpaka waseme kama wamenawa mikono.

Novemba Afande alipigwa na kiharusi. Alilazwa Mulago, akatoka hai, alhamdulillahi, lakini mkono wa kulia haunyanyuki na maneno yake yamebaki machache. Ndugu zake wakasema arudi nyumbani. Basi nimemleta Gulu, nimepanga vyumba viwili kando ya barabara; mbele napika, nyuma tunalala. Sufuria ni zilezile, benchi ni lilelile, hata mimi ni yuleyule. Yeye hapajui. Kila asubuhi anavuka barabara na fimbo yake, anakaa kwa dada yake Akwero, na hataki kuingia kwangu mpaka tumshike huku na huku. Akiniona ananiambia, "Mama, twende kwangu." Kwake ni Wandegeya.

Daktari alisema mtu wa namna hii husaidiwa na vitu alivyovizoea. Nimefikiri, nikaona ni kitu kimoja tu: kile kibao chetu. Alikiandika mwenyewe kwa brashi yake, herufi na birika. Nasikia mwenye jengo anabomoa. Nakuomba ukakishushe, unitumie kwa basi. Nikikiweka hapa mlangoni huenda akajua kwamba amefika. Nisipokipata, naogopa atakufa akiwa mgeni kwa mke wake mwenyewe.

Ni mimi mama yako,
Rukiah

—

Wandegeya, Kampala
24 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Waaleikum salaam. Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, ingawa hapa dukani hakuna nafasi ya goti hata moja, ni karatasi kila upande. Nani awezaye kukusahau? Barua yako niliisoma nikiwa na chapati mkononi, na ile chapati sikuimaliza.

Nilikwenda saa ileile. Mama, nimechelewa. Ukuta umeshalala chini, na kibao kiliuzwa pamoja na mabati ya paa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Niliwafuata mpaka Katwe. Wakaniambia mzigo ule wote umeshakatwakatwa.

Lakini usilie bado. Rafiki yangu Lailah alipohitimu chuo tulikuja kula kwako, na nikampiga picha mlangoni. Kibao kiko juu ya kichwa chake, MAHARI PEMA, chote na kutu yake. Shida ni mbili. Kwanza, kofia yake ya mahafali imemeza nusu ya birika, na shada la nyuzi la kofia limepeperuka likakata herufi ya tano katikati. Pili, picha ni ndogo. Picha ya simu ni viraba vidogo vidogo vya rangi. Ukiikuza mpaka ifikie ukubwa wa mlango, unaona viraba tu, kama sakafu ya bafu. Kwa hiyo sharti niiingize kwenye programu ya kuchorea na kuigeuza iwe mistari, aina tunayoiita vekta. Mstari wa vekta haupasuki. Ukitaka uwe wa kadi ya harusi sawa, ukitaka uwe wa ukuta wa soko sawa.

Bosi wangu Wahabi aliponiona nahangaika akasema, "Wewe weka klipati tu. Mama ya watu hawezi jua. Kazi iko mingi." Klipati ni picha zilizochorwa tayari, mtu yeyote anachukua anabandika. Nilitafuta birika nikaona za Wazungu tu, zenye maua. Basi nimekuwekea mpishi, na maneno nimeyapiga kwa herufi za kompyuta zilizosimama vizuri. Sampuli iko ndani ya bahasha. Mwonyeshe Afande, uniambie alivyosema.

Binti yako,
Jamilah

—

Layibi, Gulu
3 Machi 2024

Binti yangu Jamilah,

Kwanza pokea shukrani. Kufuata bati mpaka Katwe kwa ajili ya mtu asiye ndugu yako, hilo halifanywi na kila mtu. Nililia kidogo juu ya kibao, nikanyamaza. Bati limekufa, sura yake umeiokoa wewe.

Sasa niambie: huyu Mzungu mnene mwenye kofia ndefu nyeupe ni nani? Jikoni kwangu hajawahi kuingia. Wifi yangu Akwero alimwangalia akasema, "Huyu iko daktari ya meno." Tulicheka mpaka Afande naye akatabasamu upande mmoja, kwa hiyo hata hivyo sampuli yako imefanya kazi. Lakini yeye aliitazama mara moja akaitumia kupepea nzi.

Na herufi zako, usinikasirikie, zimesimama kama gwaride la siku ya uhuru. Za Afande haziko hivyo. Zake zinaelekea mbele kidogo, kama mtu aliyebeba maji asiyetaka yamwagike. Alipokuwa kijana kwenye kambi ya polisi Nsambya ndiye aliyekuwa akiandika namba za milango na maandishi ya ngoma kubwa ya bendi. Nimetazama mkono ule ukiandika mpaka naweza kuutambua gizani. Birika ni birika langu la bati, mdomo unatazama mlangoni, na mpini una kibonyeo upande wa nyuma kwa sababu liliwahi kuniponyoka. Alilichora na kile kibonyeo. Nilimlalamikia, akasema, "Mimi nachora ile iko."

Kama inawezekana, binti yangu, niletee ile iliyokuwapo. Kama haiwezekani, niambie, sitakulaumu.

Mama yako,
Rukiah

—

Wandegeya
9 Machi 2024

Mama,

Ramadhani inaingia, Mungu akupe nguvu. Mpishi nimemfukuza.

Nikueleze nilivyofanya, maana sijawahi kufanya kazi tamu kama hii. Programu ina kitufe cha kuigeuza picha yenyewe: unabonyeza, inatoa mistari. Nikabonyeza. Ikaniletea vurugu. Kila doa la kutu limekuwa kisiwa, kila herufi imeota manyoya, nukta zimejazana kama siafu. Nikafuta zote. Nikaiweka picha ya Lailah chini, nikaifunga isisogee, nikaanza kupita juu yake kwa mkono, nukta hapa, nukta pale, navuta mstari upinde pale alipopinda yeye.

Mama, mume wako ni fundi. Mtu anayeangalia haraka atasema A zake tatu hazifanani. Mimi nimezifuata, hazifanani kwa makusudi, kila moja inaipisha jirani yake. M aliianza chini kushoto na hakuchovya tena brashi mpaka mguu wa mwisho, hapo mstari unakonda halafu unanenepa ghafla. H ina mguu wa kulia mrefu kuliko wa kushoto, na ndiyo maana neno zima linaonekana linatembea. Nilikuwa najiona najua herufi. Kumbe nilikuwa najua kuzichagua kwenye orodha tu. Wiki hii nimeshika mkono wa Afande, na sikuujua mkono ule ulikuwa mpole kiasi hiki, maana mimi nilikuwa naujua kwa fimbo.

Wahabi alikuja kunigombeza, akasimama nyuma ya kiti changu, akainama kutazama kioo. Mwishowe akasema, "Mzee iko na mkono." Kisha akaniachia mashine ya kukatia herufi bila kusema neno la kazi iko mingi.

Birika limekamilika, kibonyeo na yote. Kuna jambo dogo moja nimelinyoosha, sikuambii. Ukiliona utacheka na utanishukuru. Tulipokuwa wanafunzi tulikuwa tukilifanyia mzaha, Mungu atusamehe, tukimwigiza Afande. Gulu hakuna atakayecheka. Kibao kinakuja na basi la Alhamisi, kimefungwa kwa blanketi langu. Blanketi litarudi wakati wowote.

Binti yako,
Jamilah

—

Layibi, Gulu
20 Machi 2024

Jamilah,

Kibao kimefika. Niliondoa blanketi saa ya kufuturu, nikakaa nikikitazama mpaka uji ukapoa. Ni mkono wake. Wallahi ni mkono wake, pamoja na ule mguu mrefu wa H ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeusahau. Mungu amekupa jicho, na aliyekufundisha alale pazuri.

Kwa furaha sikusoma. Nilitazama tu, kama unavyomtazama mtoto wako bila kuhesabu vidole. Tulikipigilia kando ya mlango asubuhi, Akwero akamleta Afande. Akasimama katikati ya barabara. Akainua kidole cha mkono wa kushoto, akawa anaandika hewani akifuata herufi, moja, nyingine, nyingine. Uso wake ulikuwa umeanza kufunguka, Jamilah, niliuona. Akafika herufi ya tano. Kidole kikasimama. Akarudia kutoka mwanzo, kikasimama palepale.

Akasema, "Hapana. Hii hapana kwangu."

Akageuka, akarudi kwa dada yake, na tangu hapo hata usiku hataki nimguse. Analala kwa Akwero.

Mchana wake mzee mmoja atokaye kanisani alipita, akasoma, akavua kofia, akaniuliza nani amefariki hapa. Maana mahali pema ndipo tunapowaombea marehemu walazwe.

Binti yangu, nani alikuambia uitoe R?

Rukiah

—

Wandegeya
23 Machi 2024

Mama,

Barua yako imenichoma. Nisamehe, lakini na mimi nisikilize.

Nilisoma Busia, upande wa Kenya. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na fimbo maalum kwa ajili ya L na R. Ukisema "nakura ugari" unakula fimbo kwanza. Nilipohamia Kampala nikakuta kila mtu anazichanganya, kwenye mabango, kwenye redio, hata risiti za dukani kwetu, na mimi ndiye ninayezipitia kabla hazijachapwa. Ndiyo kazi yangu. Pema ni ya mahali, Mama. Mahari haiwezi kuwa pema, inakuwa njema. Kila aliyewahi kukaa darasani aliyeona kile kibao alijua kwamba Afande alitaka kuandika MAHALI, ulimi wa Kampala ukamponyoka kwenye brashi. Na lile shada la kofia lilikuwa limeikata herufi ileile katikati. Nikaona ni kama nimepewa nafasi. Nikachora L kwa kufuata mguu wa H yake, ili hata yeye asijue kwamba si yake.

Nilitaka watu wa Gulu wamheshimu. Sikutaka wamwone mzee asiyejua kuandika jina la mlango wake.

Nieleze nilipokosea, kwa sababu nimeitazama kazi ile tangu jana na sioni.

Jamilah

—

Layibi, Gulu
28 Machi 2024

Jamilah, binti yangu,

Wewe hujakosea Kiswahili. Umekosea mtu. Na hukuwa na njia ya kumjua, kwa sababu jambo hili hatukumwambia yeyote, si kwamba ni la aibu, ila lilikuwa letu.

Kwanza ulimi. Kuchanganya L na R ni mambo ya Kampala, ya Waganda na sisi tuliokaa nao. Mwacholi hachanganyi. Huyu anaitwa Ocira, mama yake aliitwa Lamunu; L na R alizijua kabla hajaota meno. Mlikuwa mkimwigiza Afande kwa ugonjwa ambao hana, na yeye akiwatazama tu kwenye benchi lake, anafurahi.

Mimi ni Mnubi, baba yangu alikuwa sajini, tulikaa kambi moja na Ocira. Aliponitaka, kelele zilikuwa nyingi kila upande, yeye Mkatoliki, mimi Mwislamu. Baba alimngojesha siku nyingi, halafu akamwita akamwambia, "Mambo ya dini mtajibu kwa Mungu, mimi siyawezi. Mambo ya mahari, kwetu ni mali ya mwanamke mwenyewe. Muulize yeye." Alidhani nitataja kitu kikubwa, kijana akimbie. Na kweli Ocira hakuwa na kitu. Ng'ombe wa kwao wote walikuwa wameisha na vita vya miaka ile. Alikuja kusimama karibu na bomba la maji ninapochota, ameshika kofia, hanitazami. Akaniuliza, "Rukiah, unataka mahari gani?"

Nikamwambia, "Nataka mahali."

Akasema, "Ndiyo, mahari. Nauliza gani."

"Mahali."

"Nimesikia, mahari. Ng'ombe? Pesa? Sema tu, nitatafuta."

Alidhani mimi ndiye mwenye ulimi wa Kampala. Wanawake kwenye foleni ya maji walikuwa wameacha ndoo zao wakicheka. Mpaka nikaweka ndoo chini, nikamwambia polepole: "Nataka mahali pa kupikia. Mahali pema, pangu, nje ya kambi, pasipo mtu wa kuniamuru. Hiyo ndiyo mahari yangu."

Akaondoka bila kuaga. Mvua ikaanza, mvua ikaisha, sikumwona. Nikasema, haya, amekimbia kama baba alivyotaka. Jumapili moja akaja amevaa shati la pasi, akanipeleka Wandegeya, nyuma ya soko. Kilikuwa kibanda cha bati na meko moja. Na kibao, rangi bado mbichi, imemchafua mpaka masikioni. MAHARI PEMA. Nikamwambia, Ocira, maneno haya hayaendani. Akasema, "Yanaendana. Wewe iko na mahari, na mahari yako iko mahali. Mimi nimeandika yote mbili."

Halafu akanyoosha mkono kuonyesha kibanda kile, akasema, "Pokea."

Nikasema, "Nimepokea."

Mengine yalifuata baadaye, mashahidi na karatasi, lakini mimi ukiniuliza nimeolewa lini, nitakwambia siku ile. Watu walipoanza kucheka kwamba Afande hajui kuandika, nilitaka kuwaeleza. Akanizuia. Akasema wacha wacheke, anayecheka anakaa, anayekaa anakula. Na ndivyo mlivyokula.

Kwa hiyo ile R uliyoitoa si kosa. Ile R ni mimi. Bila R pale ni mahali tu, pa mtu yeyote. Alikuwa sahihi kusema si kwake.

Sikukasirikii. Kazi yako ningali naitazama na kuistaajabia, kila herufi isipokuwa moja.

Mama yako,
Rukiah

—

Wandegeya
31 Machi 2024

Mama,

Nimesoma barua yako nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma. Nimeona haya mpaka vidoleni. Nikikumbuka nilivyokuwa nikimwigiza, naye akiniambia "kula, mtoto, kula," sina pa kuuweka uso wangu. Naomba radhi kwako, naomba radhi kwake. Mumeo ameandika kitabu kizima kwa herufi moja, na mimi nikaenda kuisahihisha.

Sasa nina shida. Maneno yale kwenye kompyuta si maandishi tena, ni michoro. Siwezi kufuta L na kubonyeza R, lazima niichore. Na ile R, shada la Lailah limeifunika. Naona mgongo wake na ncha ya mguu, katikati sioni kitu. Wahabi anasema, "Chukua P ya pema, ongeza mguu, kwisha." Kweli ingetosha, mtu asingejua. Lakini mara ya kwanza pia nilisema mtu hatajua.

Je, kuna R yoyote ya mkono wake? Kwenye kijitabu, kwenye sahani, nyuma ya picha, popote. Nitumie hata iwe mbovu.

Jamilah

—

Layibi, Gulu
5 Aprili 2024

Binti yangu,

Nimetafuta. Vitu vyetu vingi vilibaki kule, na sahihi yake ni ya herufi ndogo, mkokoto tu. Sikupata R.

Jana nikavuka barabara na kipande cha mkaa kutoka mekoni na kalenda ya mwaka jana, nikaigeuza upande mweupe. Akwero akasema namsumbua mgonjwa. Nikakaa chini mbele yake, nikamwekea mkaa kwenye mkono wa kushoto, mkono ambao haujawahi kuandika kitu maishani. Nikamwambia, "Afande, binti yule wa Wandegeya amepoteza R. Anaomba umsaidie."

Alinitazama sana. Nikadhani hakusikia. Halafu akavuta ile kalenda kwa kiwiko, akaikandamiza kwa mkono wake ule uliokufa isiteleze. Akaanza juu, akashuka. Mkaa ukavunjika. Akaokota kipande. Akazungusha kichwa cha herufi, polepole, mate yakimtoka, Akwero akitaka kumpangusa nami nikimzuia. Kisha akautoa mguu, akaupeleka mbele kuliko inavyohitajika, kama anavyofanya siku zote. Alipomaliza jasho lilikuwa limelowesha shati.

Ndiyo hii ninayokutumia. Inatetemeka. Lakini ni yeye, na ni kitu cha kwanza alichoandika tangu Novemba. Naomba kalenda urudishe.

Rukiah

—

Wandegeya
8 Aprili 2024

Mama,

Kalenda hiyo hapo, nimeifunga kwenye karatasi ngumu isikunjike. Nimeiskani mara moja tu, nikaogopa hata kuigusa mara ya pili mkaa usipukutike.

Nimeifuata R nukta kwa nukta. Mstari uliotetemeka una nukta nyingi, na programu ina desturi ya kukuuliza kama unataka ikulainishie, iondoe matuta. Iliniuliza. Nikakataa. Palipovunjika mkaa nimeacha pengo. Inaonekana tofauti na wenzake, Mama, wao ni wa kijana na hii ni ya mzee, lakini inaelekea mbele vilevile, na mguu wake unaenda mbali vilevile. Wahabi aliitazama ikitoka kwenye mashine, akavua kofia. Nimemwambia hakuna aliyekufa.

Nimesikia kwamba watu wanakwenda mbali kutafuta walimu wa kazi hii yetu. Mimi wa kwangu nilikuwa namkuta mlangoni kila mchana, na nilikuwa nampita nikificha mikono michafu.

Idi njema mapema.

Jamilah

—

Layibi, Gulu
12 Aprili 2024

Jamilah, mwanangu,

Idi mubarak. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na wageni, na mikono ilikuwa ndani ya pilau.

Kibao kipya kilifika usiku wa kuamkia Idi. Asubuhi tulikipigilia, chini kidogo, kimo cha mtu. Nilipomaliza nikamwona Afande ng'ambo ya barabara amesimama na fimbo, amevaa kanzu nyeupe ya marehemu baba yangu ambayo huivaa Idi kila mwaka kunifurahisha. Akainua kidole. Mimi sikuweza kutazama. Nilirudi jikoni, nikawa nakoroga kitu kisichohitaji kukorogwa.

Nikasikia boda boda zinapiga honi, na Akwero anaita kwa sauti, "Ocira, ngoja, ngoja." Hakungoja. Alivuka peke yake.

Nilipotoka alikuwa amesimama mbele ya kibao. Hakutazama birika, ingawa kibonyeo ulikitoa vizuri mno. Ameweka kidole cha kushoto juu ya R, juu kabisa, anakishusha, anazunguka nacho, pale penye pengo la mkaa akatua, akaruka, akauteremka ule mguu mpaka mwisho. Kisha akanigeukia. Mdomo wake ukahangaika muda. Mimi nina mwiko mkononi, unga mpaka viwikoni, sijafunga hata kitambaa vizuri.

Akasema, "Pokea."

Nikasema, "Nimepokea."

Akaingia ndani, akavuta benchi lake mpaka mlangoni, akakaa. Mteja wa kwanza alikuwa yule mzee wa kanisani aliyeniuliza nani amefariki, amekuja kula Idi na sisi. Afande akamzuia kwa fimbo, akamwangalia mikono.

Usiku alilala kwake.

Blanketi lako liko hapa, silitumi kwa basi. Njoo ulichukue mwenyewe, nitakupikia bamia. Ila unawe kabisa kabla hujafika mlangoni.

Mama yako,
Rukiah, Mama Mahari